Moshi Unaobaki Kiryandongo

Pafukapo moshi pana moto. Methali hii tumeichambua katika darasa la fasihi simulizi zaidi ya mara moja, na kila mara nikiisikia humkumbuka mjomba wangu, kwa sababu yeye hujipatia riziki kwa kuikanusha. Kazi yake ni kutengeneza moto usio na moshi. Ndiyo maana watu wa Kampala huupenda mkaa. Unaweza kuwasha sigiri barazani, ukachemsha maharage kwa saa tatu, na shuka zilizoanikwa kwenye kamba iliyo karibu zisinuke. Kuni hazikubali jambo hilo. Lakini moshi wa mti haupotei kwa kuwa mti umegeuzwa mkaa. Umetolewa mapema, mahali pengine, mbele ya mtu mwingine. Mkaa ni kuni ambazo moshi wake umebakizwa kijijini, na kijiji ninachokizungumzia kiko wilaya ya Kiryandongo, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Kampala, kando ya barabara kuu iendayo Gulu. Ndiko nilikozaliwa.

Nimeamua kuandika kuhusu moshi huo kwa sababu katika mijadala mingi ya nishati safi niliyoisikia hapa chuoni, picha huwa ni ile ile: mama, mafiga matatu, mtoto mgongoni, macho yanayotoka machozi. Picha hiyo ni ya kweli. Zaidi ya kaya tisa katika kila kaya kumi za Uganda hupikia kuni au mkaa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Sina ugomvi na takwimu hizo. Ugomvi wangu ni na mahali tunapouangalia moshi. Tunauangalia jikoni tu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuona asili ya mazoea hayo katika lugha yenyewe. Mwanamume akioa, husemwa amepata jiko. Jiko ni chombo, jikoni ni mahali, na jiko hilo hilo ni mke. Kwa kuwa jiko limefanywa mwanamke, moshi nao umefanywa jambo la wanawake, na mradi wowote wa nishati safi ukifika kijijini huanza kwa kuwaita akina mama chini ya mwembe. Mjomba wangu hayupo chini ya mwembe ule. Yuko porini, siku ya nne sasa, analinda tanuri. Hakuna anayemhesabu miongoni mwa watu wanaovuta moshi wa kupikia, ingawa moshi anaouvuta yeye ni wa chakula cha nyumba nyingi kuliko atakazowahi kuingia.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaonunua mkaa hawajaiona. Mti hukatwa na kuachwa ukauke kidogo. Magogo hupangwa kwa kubanana, makubwa katikati na madogo ya kujaza mapengo, mpaka rundo linakuwa kama kaburi la jitu. Juu yake hutandazwa nyasi na majani mabichi, kisha udongo, tena udongo mwingi, ili hewa isiingie ila kwa tundu la kuwashia na vitundu vichache vya kupumulia. Mjomba hupenda kuwasha alfajiri. Moshi wa siku za kwanza ni mweupe na mzito, umejaa maji ya mti. Huo ndio unaotambaa chini na kuingia nyumbani kwa bibi hata akifunga dirisha. Baadaye hugeuka kijivu, halafu huwa mwembamba wenye rangi ya samawati, na hapo mjomba hujua kuni zimekwisha kuwa mkaa. Kutegemea ukubwa wa tanuri, hayo huchukua siku kadhaa, pengine hata wiki mbili.

Muda wote huo tanuri halitaki kuachwa peke yake. Udongo ukipasuka usiku na hewa ikaingia, moto utakula kila kitu na asubuhi utakuta majivu. Kwa hiyo mchoma mkaa hulala pale pale, upande ambao upepo hauelekei, ila upepo wa kwetu hauna adabu, hugeuka usiku wa manane. Akiona ufa hupanda juu ya tanuri na kuuziba kwa udongo mbichi, uso wake ukiwa juu ya ule ufa, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kuuona. Wapo waliotumbukia. Mjomba hakutumbukia, lakini nywele za mkono wake wa kulia haziotei tena.

Kwa njia hii ya udongo, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo sita mpaka kumi za kuni. Sehemu ya kilichopungua ni maji. Sehemu nyingine ni lami, masizi na gesi, pamoja na ile kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo, kwa bahati mbaya, haibaki kijijini yote. Sigiri nayo huitoa, ndiyo sababu mtu akiingiza sigiri yenye makaa chumbani usiku wa baridi na kufunga mlango anaweza asiamke. Moto usio na moshi haukuwa safi hata huku mjini. Ulikuwa umetakaswa kwa macho tu.

Mjomba hakuzaliwa mchoma mkaa. Alikuwa mkulima wa mahindi na ufuta, kama wengi wa kwetu. Wilaya yetu ni ya wahamiaji: Waalur, Walugbara, Waacholi, Wanyoro wenyewe, na tangu miaka mingi wakimbizi kutoka Sudan Kusini na kwingineko, ndiyo maana ukifika sokoni Bweyale utasikia Kiswahili kabla hujasikia lugha nyingine yoyote. (Wenzangu wa Kampala hushangaa kwamba nilikuja chuoni nikiwa nakijua. Mimi nilishangaa kwamba wao hawakijui.) Ardhi ilikuwa nyingi, na miti pia. Mwaka ambao bei ya mahindi ilianguka ndio mwaka niliofaulu kuendelea na kidato cha tano. Mjomba aliniambia nisiwe na wasiwasi. Mwanzoni mwa muhula wa kwanza nilipofika shuleni na pesa zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari, zilikuwa na weusi pembeni, na mhasibu alizihesabu kwa ncha za vidole.

Magunia kumi na mawili kwa muhula mmoja. Hayo ndiyo yalikuwa makadirio yetu ya ada, na nadhani ningali nikiwaza elimu yangu ya sekondari kwa magunia kuliko kwa alama.

Kikohozi kilianza nikiwa kidato cha sita. Kwanza kilikuwa cha asubuhi, kisha kikawa cha kupanda mlima, kisha kikawa cha kufunga viatu. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa ya kikohozi mara tatu, na mara ya tatu wakampima kifua kikuu, wakasema hana, wakampa tena dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Nilipoanza chuo nilimsihi aje Kampala, nikampeleka hospitali ambako daktari kijana alimwambia apulize kwa nguvu zote kwenye bomba lililounganishwa na kompyuta ndogo.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

"Na anachoma mkaa," nikaongeza. Mjomba alinitazama kama kwamba nimemsengenya.

Daktari alimwambia mapafu yake yana njia zilizoziba ambazo hazitafunguka zote tena, kwamba dawa zitamsaidia kupumua vizuri zaidi, na kwamba dawa kubwa kuliko zote ni kuacha moshi. Tulipotoka nje, mjomba alikaa kwenye ukuta mfupi wa maua, akapumzika, kisha akasema, "Mwanangu, daktari wenu ana dawa moja inaitwa 'acha'. Hiyo inauzwa duka gani?"

Ningeweza kuishia hapo na kusema hii ni habari ya mtu mmoja. Lakini mwaka 2012 watafiti walikwenda wilaya ya Masindi, ambayo Kiryandongo ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2010, wakawapima watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 kwa kuwapulizisha kipimo kama kile cha mjomba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health. Asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Huyo ni karibu mtu mmoja katika kila watu sita, na sehemu kubwa ya waliokutwa nao walikuwa bado katika umri wa miaka ya thelathini, umri ambao ugonjwa huu katika vitabu huwa haujaanza kutajwa. Asilimia 93 ya wote waliopimwa walikuwa wakivuta moshi wa kuni na mabaki ya mimea. Nilipousoma utafiti huo maktabani niliyatazama majina ya wilaya jirani kwenye ramani na kuhisi kwamba nimefunguliwa faili la familia.

Kutoka hapo ni rahisi kuruka kwenye jibu: wagawie watu majiko bora, moshi utakwisha, watapona. Hilo limejaribiwa, na lazima tuseme kwa uaminifu lilivyokwenda. Nchini Malawi watafiti waligawa majiko ya kisasa yanayochoma kuni kwa usafi zaidi, yenye feni, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000. Ripoti ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2016, watoto wa nyumba zenye majiko mapya waliugua nimonia sawasawa na watoto wa nyumba zenye moto wa kawaida. Katika utafiti mwingine, uliofanyika Rwanda, Guatemala, India na Peru, wanawake wajawazito walipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18. Moshi majumbani mwao ulipungua sana. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa na idadi ya waliopata nimonia kali havikutofautiana kwa kiasi cha maana na vya nyumba zilizoendelea na kuni.

Tulipozungumzia matokeo hayo katika semina ya Jiografia, mwenzetu mmoja alihitimisha kwamba basi moshi si tatizo, tushughulikie mengine. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Nimonia ya mtoto ina vyanzo vingi, na miezi 18 si miaka thelathini ya kifua cha mtu mzima. Lakini kuna jambo ambalo watafiti wa Malawi wenyewe waligusia na ambalo mtu wa Kiryandongo halihitaji kuelezwa: moshi wa kijiji hautoki katika jiko moja. Kuna takataka zinazochomwa, kuna jirani ambaye hakupewa jiko, kuna matanuri ya matofali. Kwetu kuna matanuri ya mkaa. Ukimletea bibi yangu jiko la gesi leo, utakuwa umefanya jambo jema, ataacha kukohoa akisonga ugali. Kisha saa mbili usiku upepo utageuka, na moshi mweupe wa mkaa unaokwenda Kampala utaingia kwa dirisha lile lile.

Kwa hiyo swali la afya ya kijiji kwa sehemu kubwa linajibiwa Kampala, na Kampala ninayoijua ni ile ya mizigo. Kwa Kiganda chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo, na mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulisikia neno hilo bila kutabasamu, maana kweli ni mzigo. Mwaka wangu wa kwanza niliishi katika hosteli moja huko Kikoni ambako kukutwa na koili ya umeme chumbani ni kosa la kufukuzwa. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wanaosoma habari za nishati safi mchana walipikia mkaa usiku, nyuma ya jengo, karibu na matangi ya maji. Mwaka wa pili mimi na rafiki yangu tukapanga chumba upande wa Bwaise, vyumba vinane kwa mita moja ya Yaka. Mama mwenye nyumba hununua umeme na kutugawia gharama kwa kichwa, na sharti lake la kwanza lilikuwa hakuna kupikia umeme.

Serikali iliwahi kulifikiria jambo hili. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ilileta bei ya kupikia: shilingi 412 kwa kila uniti kuanzia ya 81 mpaka ya 150 kwa mwezi, wakati bei ya kawaida ilikuwa zaidi ya shilingi 700. Nia ilikuwa nzuri. Ila tazama ngazi ilipowekwa. Ili ufikie uniti ya bei nafuu, sharti kwanza utumie uniti 80. Mimi na rafiki yangu tukijumlisha taa, simu, pasi na redio hatufiki hata 40. Anayefika 80 ni mwenye friji, televisheni na maji ya moto ya kuoga, ambaye huenda alikuwa tayari na gesi jikoni. Na katika mita moja ya vyumba vinane, uniti zile nafuu hupita katikati ya mwezi bila yeyote kujua zilikuwa za nani. Bei ya kupikia iliandikwa kwa ajili ya nyumba. Wapikaji wa mkaa wengi wanaishi katika vyumba.

Mkaa, kwa upande wake, unajua kuishi chumbani. Unauzwa kwa mkebe. Ukiwa na shilingi 2,000 utapika leo, ukikosa hutapika, na hakuna anayekudai. Mtungi wa gesi unataka pesa zote kwa siku moja, na siku hiyo mara nyingi ndiyo siku ya kodi. Watu husema maskini wanang'ang'ania mkaa kwa mazoea au kwa ladha. Kuhusu matooke nakubali kidogo, rafiki yangu ni Muganda na hataki kusikia matooke yaliyoiva bila kukaa ndani ya majani ya mgomba juu ya moto wa polepole tangu asubuhi. Lakini maharage hayana itikadi.

Tulifanya mchango wetu mdogo kwa wiki kumi na moja, tukanunua presha kuka ya umeme. Kisha tukaenda kwa mama mwenye nyumba na daftari. Kwa siku saba, kwa ruhusa yake, tulichomeka chombo kile kwenye kifaa cha kupimia umeme alichotuazima fundi wa mtaani, tukaandika. Nusu kilo ya maharage iliiva ndani ya saa moja na ikala chini ya uniti moja. Yaani kwa bei ya kawaida kabisa, bila kuigusa ile ngazi ya 81, ilikuwa rahisi kuliko mkebe wa mkaa. Mama mwenye nyumba alilitazama daftari kwa muda mrefu, akauliza kama chombo kile kinapiga shoti. Tulimwambia hapana. Alituruhusu, kwa nyongeza ya shilingi 10,000 kwa mwezi ambayo sioni inatoka wapi katika hesabu zetu, lakini huyo ndiye mwenye mita. Sasa vyumba vitatu kati ya vinane vina chombo kama hicho. Sigiri hazijatupwa. Siku umeme ukikatika, zote huwa nje.

Wakati sisi tunaandika uniti zetu kwenye daftari, maamuzi makubwa yalikuwa yamekwisha kupita juu ya kichwa cha mjomba. Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, akipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi. Malalamiko ya Waacholi yalikuwa ya haki. Miti ya shea, ambayo mafuta yake ni chakula na dawa na mali ya akina mama wa kule, ilikuwa inakatwa na watu wenye misumeno ya mashine na malori. Lakini mpaka wa kaskazini kwa watu wa kwetu ni mto Nile, kwenye daraja la Karuma, na sisi tuko upande wa kusini. Wanunuzi waliokuwa wakivuka daraja kwenda Nwoya na Amuru wakaanza kusimama kwetu. Bei ya gunia ilipanda. Mwezi huo mjomba, aliyekuwa amekwisha kuambiwa aache, aliwasha matanuri matatu kwa pamoja. Sikuwa na la kumwambia. Dada yangu mdogo alikuwa ameanza kidato cha kwanza.

Mahitaji ya Kampala hayakupungua hata kwa mkebe mmoja kwa sababu ya amri ile. Yalitafuta tu mti mwingine. Marufuku inayokata mkaa unakotoka bila kugusa mizigo ya Bwaise inauhamisha moshi wilaya moja mpaka nyingine, na mimi ninazijua wilaya zilizoupokea.

Na hapa ndipo jambo linaponishangaza kuliko yote. Karuma hiyo hiyo, ndani ya wilaya yetu, lipo bwawa kubwa kuliko yote nchini. Ujenzi ulianza mwaka 2013, na Septemba 2024 likazinduliwa rasmi: megawati 600, mitambo ikiwa chini ya ardhi. Pamoja na Nalubaale, Bujagali, Isimba na mengine, Uganda sasa ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, na hatujaweza kuzitumia zote. Umeme wa Karuma unaondoka kwa njia ya kilovolti 400 mpaka Kawanda, ukingoni mwa Kampala. Ukipanda basi Bweyale utaziona nguzo zile ndefu za chuma zikitembea nawe kuelekea kusini, na mbele yako, karibu kila safari, lori la magunia yaliyofungwa kwa nyasi juu. Umeme na mkaa vinatoka wilaya moja, vinakwenda mji mmoja, vinapishana barabarani na havishindani. Kinachobaki nyuma yao ni moshi.

Jirani zetu wamelipa jambo hili jina. Tanzania wanasema "nishati safi ya kupikia", na Rais Samia Suluhu Hassan amelibeba neno hilo mpaka Paris, kwenye mkutano wa Mei 2024 ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Taasisi zao zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliamriwa kuachana na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Nazionea wivu, nikizikumbuka sufuria za posho za shule yangu na wapishi wake wenye macho mekundu. Nilifuatilia habari za Paris kwa redio, nikisubiri kusikia kitu kuhusu wachoma mkaa, watakula nini. Sikusikia.

Nilimuuliza mjomba mwenyewe, likizo iliyopita, tukiwa tumekaa mahali ambapo lilikuwa tanuri lake la kwanza. Udongo pale ni mweusi na ufuta umeota vizuri sana, kitu ambacho yeye hukitaja kama utetezi. Ana dawa zake za kuvuta, hulala nyumbani sasa, amemwachia kijana wa jirani kazi ya usiku na kugawana naye nusu kwa nusu. Kijana huyo ana miaka 19. Nilisema hilo si kuacha, ni kurithisha. Akasema anajua.

Nguzo za umeme, zile fupi za mbao, zimefika kwenye duka la njia panda, mita mia nne kutoka kwake. Mjomba ameuliza bei ya waya. Nilidhani anafikiria kupikia, nikaanza kumweleza habari za presha kuka, uniti na daftari letu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema kupika atamwachia shangazi aamue. Yeye anataka mashine ya kusaga mahindi, kwa maana kutoka pale mpaka Kigumba watu hubeba magunia yao kwa baiskeli, na mashine, alisema, yule kijana anaweza kuiendesha akiwa amekaa. Ameomba nimtafutie bei hapa mjini, ya mota ndogo na ya kubwa, na nimwandikie zote mbili.